Leo Amefariki Nani?

Wasomaji wetu wa siku nyingi mnanijua. Mimi ni mtu wa vichekesho. Siyo wa jukwaani, hapana, wa sebuleni. Nikikuta watu wawili wamenuniana lazima nitafute neno la kuwafanya wacheke, hata kama hakuna aliyeniomba. Nimezaliwa Tanga, na nyumbani kwetu ubwabwa ulikuwa haushuki bila utani. Runinga ilipoanza kuingia majumbani huku Bara katikati ya miaka ya 1990 (wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, na hawakosi kutukumbusha), tulikuwa tunajazana kwa jirani kama dagaa ili tucheke tu. King Majuto, yule Mzee Amri Athumani aliyetutoka mwaka 2018, kwetu alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Akitoa macho tu, hajafungua hata mdomo, sebule nzima iko chini. Mpaka leo nikichoka na kazi za ofisini naweka filamu yake moja ya zamani, hata kama nimeshaiona mara ishirini, na nacheka palepale nilipocheka mara ya kwanza.

Sasa mtu kama mimi nikaangukia kwa mpenzi wa kantri.

Usiniambie huujui muziki wa kantri. Unaujua, ila labda hukuwahi kuuliza jina lake. Ni ule wa Jim Reeves unaopigwa Krismasi kabla hata pilau halijaiva. Ni Don Williams kwenye basi la mkoani, saa kumi na moja alfajiri, abiria wote wamejikunyata na dereva peke yake ndiye anayetikisa kichwa. Ni Kenny Rogers na Dolly Parton kwenye harusi za watu wa makamo, ule wimbo wao wa mwaka 1983 ambao kumbe waliutunga wale ndugu wa Bee Gees. Gitaa la taratibu, sauti nzito ya mtu asiye na haraka, na hadithi. Siku zote kuna hadithi: mke kaondoka, mama kafariki, treni imepita, pombe imeisha.

Baba Watoto huupiga Jumapili asubuhi akinyoosha mashati yake ya wiki nzima. (Ndiyo, ananyoosha mwenyewe. Nilimpataje nitawaelezeni sasa hivi.) Anaweka simu juu ya kabati, anaiunganisha na spika ndogo, halafu anaanza kuimba kwa Kiingereza chake mwenyewe, nusu maneno, nusu mluzi. Na mimi, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, nikitoka chumbani nilikuwa na swali moja tu: "Leo amefariki nani?"

Kilikuwa kichekesho kizuri, lazima niseme. Watoto walipokua wakakidaka. Mdogo wangu akija kutembea anakianzia getini. Baba Watoto alikuwa anacheka, anatikisa kichwa, anaendelea na pasi. Miaka minane tumeishi hivyo.

Nilimpata kwenye sendoff ya rafiki yangu, mwaka 2014. Muziki ukapigwa wa Whitney Houston, ule wa filamu ya The Bodyguard ya mwaka 1992, na mimi nikajitia mjuzi, nikamweleza kijana niliyekaa naye meza moja jinsi yule dada alivyouimba kwa uchungu wa mapenzi yake mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu kabisa, kwamba wimbo ni wa Dolly Parton, ulitoka mwaka 1974, na wala hakuwa anaachana na mpenzi. Alikuwa anamuaga bosi wake, Porter Wagoner, aliyekuwa na kipindi chake cha televisheni ambamo Dolly alikuwa akiimba tangu mwaka 1967. Akanieleza na habari ya Elvis Presley, kwamba alitaka kuurekodi, watu wake wakadai nusu ya haki za wimbo, Dolly akakataa. Miaka ikapita, Whitney akaimba, na fedha zikamfuata mwenye wimbo. Nikajisemea moyoni, huyu mtu anajua kusikiliza, halafu anajua kusubiri zamu yake. Wanaume wa aina hiyo ni wachache mjini hapa. Nikampa namba.

Ila ndoa ni rimoti, jamani. Mimi nataka komedi, yeye ana video yake moja ya Don Williams akiwa Harare, mwaka 1997: mzee wa Texas na kofia yake, hanyanyui hata mguu, na Wazimbabwe wanaimba naye kila neno kana kwamba amezaliwa Bulawayo. Mwisho tukakubaliana. Jioni runinga ni yangu, Jumapili asubuhi spika ni yake. Nikadhani tumemaliza.

Mwaka jana akaamua kufuga kuku wa nyama. Akakopa milioni tatu kwenye SACCOS ya kazini, akajenga banda nyuma ya nyumba yetu huku Goba, akaleta vifaranga 350. Sitasahau zile wiki nne. Alikuwa anaamka usiku kuangalia jiko la mkaa la kuwapa joto, anarudi kitandani ananuka pumba. Alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari: chakula, maranda, dawa, siku ya kuuza. Nikamuuliza faida yote hiyo anaipeleka wapi. Akasema, "Tutaona." Nikamtania kwamba ana mwanamke mwingine na huyo mwanamke anapenda vipapatio.

Wiki ya nne ikaingia mdondo. Wafugaji mnaujua huo ugonjwa. Jumatatu walikufa sita, Jumanne arobaini na kitu, na kufikia Ijumaa walikuwa wameshakwenda 312. Ilivyoonekana ni chanjo. Aliinunua mjini, akapanda nayo daladala ndani ya mfuko bila barafu, na siku hiyo foleni ilikuwa ya masaa. Chanjo ile haitaki joto. Akachimba shimo mwenyewe nyuma ya banda, hakutaka kumwita kibarua, akamwaga chokaa, akafukia. Wale 38 waliobaki hata sikumbuki waliishia wapi.

Mnajua nilifanya nini? Nilimpa jina. Kuna ule wimbo wa Kenny Rogers wa mwaka 1978, wa mzee mcheza karata anayemuusia kijana ndani ya treni usiku, halafu usingizi unampitia moja kwa moja. Baba Watoto anaupenda mno. Basi nikawa namwita Mcheza Karata. "Mcheza Karata, chai tayari." "Mcheza Karata, bili ya maji imekuja, unaweka ngapi mezani?"

Jumamosi moja wakaja wenzake wa kazini na wake zao, tukachoma nyama uani. Mtu akagusia kuku. Basi nikasimama. Nikachukua kofia yake, nikachukua mwiko nikaufanya sepetu, nikamwigiza amesimama kando ya shimo anawaimbia kuku wimbo wa kantri, kwa Kiingereza chake kilekile, huku anapangusa machozi kwa jani la mgomba. Jamani, watu walicheka. Dada mmoja soda ilimpalia mpaka tukampiga mgongoni. Baba Watoto naye alicheka, nilimwona kwa macho yangu. Halafu akasema anakwenda kuongeza barafu. Barafu ilikuwepo tele. Alichukua muda mrefu kurudi.

Kesho yake, Jumapili, nikaamshwa na sauti ya pasi. Pasi tu.

Jumapili iliyofuata vilevile. Hakununa, msinielewe vibaya. Alinisalimia, alikula, alisaini daftari la mtoto, aliuliza habari za ofisini. Alikuwa mpangaji mzuri sana. Jioni tukikaa kutazama komedi yangu, anatazama kama mtu anayesubiri taarifa ya habari ianze. Siku moja wakaonyesha kichekesho cha mume aliyefilisika na mke anamsimanga mbele ya wakwe. Nilianza kucheka kwa mazoea tu. Akanyanyuka, akasema ana usingizi. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Jumapili ya tatu, mtoto wetu mkubwa, wa darasa la pili, akasimama mlangoni kwa chumba cha pasi akiwa na mswaki mdomoni. "Baba, leo hakuna aliyefariki?"

"Hakuna, mwanangu."

Mimi nilikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. Kwa kawaida hapo ningekuwa na neno. Sikuwa nalo.

Nikampigia shangazi yangu Tanga. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mnaendeleaje huko?" Nikamweleza yote, na kwa kuwa mimi ni mimi, nilimweleza kwa vichekesho, na kofia, na mwiko, na yule dada wa soda. Upande wa pili kimya. Nikadhani salio limekata.

"Umewahi kumwona mtani msibani?" akaniuliza.

Nimewaona wengi, na ninyi mmewaona. Mtani ana ruhusa ambayo mwingine hana: atavaa nguo za marehemu, atamwigiza anavyotembea, atalala juu ya njia kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe hela, na wafiwa watacheka machozi yakiwa bado mashavuni.

"Na kazi za pale msibani nani anafanya?" shangazi akasema. "Si huyohuyo mtani? Anachekesha sepetu ikiwa mkononi, na anachimba kweli. Wewe shimo la mumeo ulichimba hata sepetu moja?"

Kumbe kimya kile hakikuwa cha salio.

Kazi yangu ni kusoma, basi nikasoma. Nikitoka ofisini nikawa nabaki nusu saa natafuta habari za huu muziki nilioucheka miaka minane bila kuujua. Na nilichokikuta kikanishangaza, kwa sababu kantri na vichekesho ni ndugu wa tumbo moja. Pale Nashville kuna kipindi cha redio, Grand Ole Opry, kilichoanza mwaka 1925, na tangu zamani kwenye jukwaa lake mwimbaji akishuka anaweza kupanda mchekeshaji. Maarufu kuliko wote alikuwa mama mmoja aliyejiita Minnie Pearl, aliyepanda pale mara ya kwanza mwaka 1940. Alivaa kofia ya ukili ambayo karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia, dola 1 na senti 98, kama mshamba aliyetoka dukani na haraka. Mwenyewe alikuwa msomi wa chuo. Vichekesho vyake vingi alijicheka yeye: yeye ndiye mshamba, yeye ndiye aliyekosa mume. Mwaka 1969 televisheni nayo ikaanzisha kipindi cha Hee Haw, nyimbo za kantri na vichekesho vya kijijini vikichanganywa sufuria moja, kikaenda zaidi ya miaka ishirini.

Halafu nikakutana na Johnny Cash. Februari 1969 alikwenda kuwaimbia wafungwa wa gereza la San Quentin, California, na siku hiyo akaimba wimbo wa Shel Silverstein unaoitwa A Boy Named Sue. Ni hadithi ya mtoto aliyepewa na baba yake jina la kike, kisha baba akaondoka. Maisha yake yote anapigana na watu kwa ajili ya hilo jina, na ameapa akimpata huyo baba atamuua. Siku anampata, baada ya kuchapana vya kutosha, mzee anamweleza kwamba alijua hatakuwepo kumlea, kwa hiyo alimwachia jina la kumkomaza. Unawasikia kabisa wafungwa wanavyocheka. Na mimi nilicheka. Nikarudisha, nikasikiliza tena, na mara ya pili nikajiuliza wangapi kati ya wale waliokuwa wanacheka walikuwa na baba.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumuuliza mume wangu swali ambalo kila mtangazaji wa redio anamuuliza msikilizaji anayepiga simu. Nina shahada ya mawasiliano, wapendwa. Ipo ukutani, ina fremu.

Jumamosi hiyo umeme ukakatika saa moja jioni. Runinga ikafa, watoto wakalala mapema, tukatoka kukaa kibarazani na taa ya chaji. Mbu hao. Nikamwambia, "Baba Watoto, kwa nini unaupenda huu muziki wako?"

Hakujibu. Nikamwangalia, na nikaelewa kwamba bado anangoja. Alikuwa anasubiri sehemu ya pili ya swali, ile ya kuchekesha. Aliingoja muda mrefu, na ilipokosekana ndipo akaanza kusema.

Nilijua kwamba marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori. Nisichokijua ni hiki. Alikuwa anakwenda Tunduma na kurudi, na nyumbani kwao ni Makambako, pale njia ya Songea inapochepuka. Mara mbili kwa mwezi lori linapita usiku. Baridi ya Makambako haina mchezo. Mzee hakuwa na muda wa kulala, alikuwa anashusha sukari, sabuni na mkate, halafu watoto wote wanapanda kwenye kabini kwa sababu ndiyo sehemu yenye joto, na anawapigia kaseti. Alikuwa nazo mbili tu, moja ya Jim Reeves na moja ya Don Williams. Nusu saa, basi, anaondoka.

"Na Kiingereza alikuwa hajui," akasema. "Hata kidogo. Lakini alikuwa anatutafsiria."

"Anatafsirije sasa?"

"Anatunga. Wimbo unapigwa, yeye anasema: huyu bwana anasema, yule mtoto wangu wa tatu aache kumpiga mdogo wake. Wimbo wa pili: anasema, nimesikia hesabu zimekushinda, kaza buti. Mimi ndiye wa tatu. Nilikuwa naamini kabisa kwamba huko Marekani kuna mtu ananijua."

Alipofika sekondari, Kiingereza kikaanza kuingia, akasikiliza nyimbo zilezile kwenye redio ya shule. Hakuna hata moja iliyotaja hesabu. Alicheka peke yake bwenini mpaka wenzake wakadhani amepagawa, akapanga likizo akimkuta mzee amuumbue mbele ya watu wote. Ilikuwa mwaka 2004. Likizo ilipofika mzee alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Walichelewa kumpa taarifa kwa sababu ya mitihani.

Taa ya chaji ikaanza kufifia. Nikamuuliza kuhusu kuku. Sijui kwa nini, labda nilikuwa nimeshajua.

"Kaburi la mzee halijajengewa," akasema. "Wadogo zangu hawana uwezo. Nikapiga hesabu, awamu moja tu ya kuku, ningeezeka na kigae kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniuliza lina vyumba vingapi."

Na ningeuliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa nimeshalisikia hilo swali kichwani mwangu kabla hajalimaliza, na lilikuwa linachekesha. Nikaikumbuka ile kofia. Nikaukumbuka mwiko. Nilimwigiza mtu huyu akiwa kando ya shimo.

Nikamwomba samahani. Neno moja, bila kuliongezea kitu. Tukakaa mpaka taa ikazima kabisa, na hatukuingia ndani.

Mkopo ule tumeulipa wawili, wa mwisho tuliumaliza mwezi Novemba. Marafiki waliokuja ile Jumamosi nimewapigia mmoja mmoja, na msidhani ilikuwa rahisi, maana wengine walianza kucheka upya. Desemba tukakata tiketi za basi la Makambako, watoto na sisi. Kaburi limejengewa kwa saruji ya kawaida, kigae kitasubiri. Dereva wa basi alikuwa anapiga bongo fleva njia nzima, hata hilo nalo.

Ila nimeruka kitu. Kesho yake baada ya ule usiku wa kibarazani, Jumapili, nilisikia gitaa. Don Williams, spika juu ya kabati, na ule mluzi. Watoto wakanitazama. Mimi nikapita na kikombe changu cha chai, macho mbele, kama napita mbele ya msikiti wakati wa swala. Nikafika jikoni. Nikasikia pasi imewekwa chini.

"Mama Watoto."

"Abee."

"Mbona huulizi?"

"Niulize nini?"

"Uliza bwana."

Nikarudi mpaka mlangoni. Alikuwa ameshika shati la bluu kwenye mabega, kama anamsimamisha mtu. Watoto wako kimya. Nikauliza, na sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni.

"Haya. Leo amefariki nani?"

"Kuku," akasema. "Mia tatu na kumi na mbili." Akachukua pasi, akaendelea kuimba.